Jumla Haikusogea

11 Februari

Mama yangu,

Najua umeshanisema mpaka maneno yakakuisha, ukapumzika, ukaanza upya. Nisamehe. Tangu nishuke kwenye lori la magodoro sijakuandikia hata mstari mmoja, na Dereva kila akipita ananitazama usoni: "Leo pia narudi mikono mitupu? Mama yako atanila mimi." Si kwamba nimewasahau. Kila nikishika kalamu, Kibonge naye anaamka anataka kunyonya, na mtoto akishiba mimi mwenyewe ndiye ninayesinzia.

Simu ya nyumbani ingekuwa haikuzama kwenye ndoo ya kufulia, ningekupigia. Ila kwa masikio yako mazito, Mama, mtaa mzima ungejua habari zetu. Barua ni afadhali.

Naishi chumba kimoja na msusi, mwanamke mwenye maneno mengi na roho nzuri. Nywele zake za kusukia zinaning'inia ukuta mzima, na Kibonge anaziongelesha kama watu.

Mtihani wa kazi ya uhasibu nimeufanya. Kumbe siku hizi hawakuulizi tu umesoma wapi. Walitukalisha waombaji wote chumba kimoja, kila mtu na kompyuta yake, wakatugawia rundo la ankara za sabuni na mafuta ya kula. Tuziingize kwenye jedwali, tutoe jumla ya kila mteja, kisha tulinganishe na taarifa ya benki. Kibonge nilimwacha getini kwa mlinzi, mzee mmoja mwenye sharubu. Alimbeba kama aliyezoea.

Mwambie Mwalimu kwamba kikokotoo alichonipa kilikuwa mezani, upande wa kushoto, kama anavyotaka. Mwambie vidole vyangu vilijua kila herufi iliko, vilevile kama kwenye kadibodi yake aliyotuchorea. Jumla zangu zote zilitoka sawa, Mama. Nilimaliza wa kwanza. Mhasibu mkuu, mama mmoja wa miwani, alisema "zote sawa" watu wakisikia. Wamesema wataniita.

Mbusu binti yangu Meneja. Mwambie ahadi yetu ni ileile: nikipata kazi, namchukua. Mwambie pia asiwaendeshe mbio sana humo ndani, kwani umeneja wake ni wa jina tu.

Mwanao wa kwanza

·

20 Februari

Mwanangu,

Anayeandika ni mdogo wako. Nimemwambia aandike ninachosema mimi, siyo anachotaka yeye.

(Dada, nimesikia. Na nimeandika. Ni mimi, Chiriku.)

Barua yako ilifika jioni, Dereva bado hajazima gari. Nikamtuma Chiriku akamwite Mwalimu, kwa sababu mambo ya jumla mimi siyajui. Alikuja amevaa koti. Barua ikasomwa, akasema irudiwe pale penye mtihani. Ikarudiwa. Akainuka, akakaa, akaomba kikombe cha pili cha chai, na unajua Mwalimu haombi cha pili nyumba ya mtu.

Akasema: "Jumla zote sawa? Wa kwanza kumaliza? Na mkuu akatamka hadharani? Mama, hiyo kazi imeshapata mwenyewe. Kuitwa ni utaratibu tu."

Basi mimi na mdomo wangu nimeshasema. Fundi cherehani anajua, mwenye duka anajua, yule jirani aliyesema umekwenda mjini kuongeza mtoto wa tatu nilimfuata mpaka kwenye kamba yake ya nguo nikamwambia.

(Dada, alimwambia mara mbili. Mara ya pili kwa nyuma ya ukuta.)

Meneja ameshafunga mfuko wake. Ametia gauni, kifuniko cha sufuria na sabuni ya kuogea ambayo tunaitafuta. Anasema ofisini kwenu yeye atakaa kiti cha kuzunguka. Tuambie lini tumlete.

Mama yako

·

3 Machi

Mama,

Barua nimeipata, nimecheka mpaka Msusi akaniuliza kulikoni. Hiyo sabuni mwachieni.

Mambo ya kazi yanaendelea. Ofisi za huku zina taratibu zake, mtu huwezi kuzikimbiza. Chumba nacho bado hakijakaa vizuri, kuna nywele kila mahali, na mtoto wa miaka mitano anataka nafasi. Meneja asubiri kidogo.

Nimempa Dereva kile kikokotoo, Chiriku akifanyie mazoezi. Huku kila kitu ni kompyuta, sikihitaji.

Kibonge ameota jino. Nimechoka, sitaandika mengi.

Mwanao

·

14 Machi

Mwanangu,

"Kidogo" yako haina mwisho wala haina mwanzo. Nimeisikiliza barua yako nikamwambia Chiriku aisome tena, nikidhani ameruka ukurasa. Hakuruka. Ni wewe uliyeruka.

Una kazi, una pa kulala, mtoto unamwambia asubiri. Asubiri nini? Nakuuliza kama mzazi, na jibu nalitaka: kuna mwanamume? Kama yupo, na amesema hataki kulea mtoto wa mwenzake, sema. Mimi nitamlea Meneja, nguvu ninazo. Lakini sitamdanganya kila asubuhi kwa niaba yako.

Juzi alikuwa anakula, akaweka kijiko chini, akaniuliza: "Bibi, Mama ana Kibonge. Anamtosha, eh?" Nikamwambia kula, chakula kinapoa. Analala na mfuko wake kichwani.

(Dada, hili sikutaka kuliandika. Mama amesema niandike.)

Tena kuna habari njema, usije ukasema nakugombeza tu. Mwalimu amemaliza kumfundisha Chiriku, vilevile kama alivyokufundisha wewe, kikokotoo kushoto na kadibodi mbele. Ameandika barua ya kumtambulisha kwenye ofisi yako hiyohiyo. Ameandika: "Dada yake mnamjua." Lori linakuja huko tarehe 30. Chiriku atapanda, na Meneja atapanda naye. Uwapokee.

Mama yako

(Dada, nina furaha mpaka naona haya. Tutakaa meza moja?)

·

17 Machi

Mama,

Barua hii Chiriku aisome yote kwa sauti, asiruke chochote, hata akiona vibaya. Na Mwalimu awepo. Nilianza kuandika asiwepo, nikaichana.

Hakuna mwanamume. Na kazi hakuna. Haikuwepo kamwe.

Niliyowaandikia ni kweli, ila niliishia katikati. Jumla zilikuwa sawa. Nilimaliza wa kwanza kwa sababu nilikuwa namsikia Kibonge analia kule getini, na maziwa yalikuwa yameanza kulowesha nguo. Nikainua mkono. Mama wa miwani akaja, akatazama, akasema, "Zote sawa. Na umewahi, mwenzetu." Nikafurahi, Mama. Nikajiona nimeshakaa kwenye kile kiti cha Meneja cha kuzunguka.

Halafu akasema, "Haya, tuseme huyu mteja wa tatu amerudisha katoni moja. Ankara yake inapungua." Akafuta tarakimu moja akaandika nyingine, akaangalia chini kwenye jumla.

Jumla haikusogea.

Akaandika tena, pengine alidhani hakubonyeza vizuri. Ikakaa palepale. Akaniuliza, "Mbona hii imelala?" Mimi sikuelewa hata anauliza nini. Kwani mtu akibadilisha ankara, si unachukua kikokotoo unajumlisha upya? Nikanyoosha mkono kukichukua, nimsaidie.

Kijana mmoja wa shati jeupe alikuwa ameegemea kiti anachungulia. Akasema, "Kaandika kwa mkono! Kapiga hesabu pembeni, kaja kuzibandika!" Mwingine nyuma akadakia, "Kama bango la bei sokoni."

Mama wa miwani akawaambia wanyamaze. Akaniambia taratibu, na huo upole wake ndio ulioniumiza zaidi: "Mdogo wangu, unaipa kompyuta maagizo, inajumlisha yenyewe. Ukibadilisha namba moja, zote zinafuata. Hukuonyeshwa?"

Nikamjibu, "Najumlisha mwenyewe. Sikosei."

Chumba kizima kilicheka. Hata yeye alitazama pembeni.

Chiriku, unasoma? Ile kadibodi tuliyochorewa herufi na namba, tukawa tunaibonyeza jioni baada ya jioni, ilitufundisha vidole. Lakini kwenye kadibodi hakuna kinachosogea. Unabonyeza, Mwalimu anasema "vizuri," mnaendelea. Sisi tulijua mashine ni ya kuandikia majibu ambayo mtu ameshayapata. Ukija na barua ile tarehe 30 watakukalisha kiti kilekile, watabadilisha namba moja, na watakucheka wewe pia. Usije kwa ajili ya kazi hiyo. Nakukataza kama dada yako, na ukinuna, nuna.

Sasa lile ambalo ndilo lililonifanya nichane barua ya kwanza.

Mama wa miwani aliniuliza, "Nani amekufundisha?" Hakuuliza kwa dharau. Nami Mwalimu nilimwona kabisa mbele ya macho yangu, amevaa koti lake, amekaa chumba chake cha nyuma, anatufundisha bila kutaka kitu kwetu. Nikasema, "Hakuna. Nilijifunza mwenyewe, mitaani."

Tangu siku ile najiambia nilimficha ili wasimcheke yeye. Siku nyingine naona nilijificha mimi, nisionekane nimefundishwa kwenye kadibodi. Sijui, Mwalimu. Ningejua ningekuambia. Kikokotoo chako nilikisukumia kwenye mfuko wa nepi, chini kabisa, na baadaye nikakirudisha kwenu kwa sababu nilikuwa siwezi kukitazama.

Walisema wataniita, kwa sauti ile ya kumfungulia mgeni mlango atoke. Getini mlinzi akanikabidhi mtoto: "Umetoka mapema! Mambo si hayo!" Nikamchekea. Ndipo nilipojifunza kwamba mtu anaweza kudanganya kwa meno tu.

Naosha vyombo kantini, mkabala na ofisi ileile. Yule wa shati jeupe kazi aliipata. Anakuja kula mchana, mimi nabaki nyuma kwenye masufuria mpaka amalize. Kibonge nakuwa naye mgongoni, mvuke wote unampata.

Sitaki Meneja asubiri. Namtaka leo. Lakini nilimwahidi kazi ndipo nimchukue, na kazi sina, na kila mlipofurahi nikazidi kukosa pa kuanzia. Mwambie Kibonge hanitoshi. Mwambie hivyohivyo, kwa maneno hayo.

Mwanao

·

26 Machi

Mwanangu,

Imesomwa. Chiriku alianza vizuri, akafika kwenye bango la bei sauti ikamkatika, nikamwambia anywe maji aendelee, umesema asiruke. Hakuruka.

Mwalimu alikuwa kwenye kiti chake kilekile. Tulipofika pale ulipomkana, akavua kofia akaiweka gotini. Chiriku alipomaliza, Mwalimu akauliza, "Ni mteja wa tatu aliyebadilishwa?" Tukasema ndiyo. "Na kabla ya kubadilishwa, jumla ilikuwa sawa?" Tukasema ndiyo, umeandika hivyo. Akaweka kikombe chini kimejaa, akavaa kofia, akaenda.

Hakuonekana. Siku zikapita, hata kwa mwenye duka hakuonekana, nikaona haya si mambo, nikamfuata. Nimemkuta chumba cha nyuma, amekaa anatazama kitu kimefunikwa kitambaa cha meza. Ni kompyuta, mwanangu. Alipewa shuleni siku alipostaafu. Kumbe muda wote mlipokuwa mnabonyeza kadibodi, mashine yenyewe ilikuwa kwenye kona, nyinyi mnaiwekea vikombe juu.

Nikamwambia, "Mwalimu, hii nini?" Akaniambia, "Mama, niliogopa kuiharibu. Baadaye nikaogopa watoto wasijue kwamba siijui." Mtu mzima vile. Nikashindwa kumgombeza, na nilikwenda nimejiandaa.

(Dada, tumeifunua. Ilikuwa na buibui ndani. Mpwa wa fundi cherehani alituwashia, tukashangilia kama imezaliwa. Safari siendi, na sikununa. Nilinuna kidogo.)

Barua ya kumtambulisha Chiriku ameirudisha mfukoni mwake. Kuhusu ulichokisema kule, ni kati yako na yeye, mimi siingii. Ila ametuma neno, amesema liandikwe kama lilivyo: "Akiulizwa tena, ajibu apendavyo. Lakini asiseme mitaani. Mitaani mimi sijawahi kufundisha."

Alicheka aliposema. Nami nikacheka, kisha nikatoka nje nikalia kidogo, maana nilikusingizia mwanamume ambaye hayupo, na wewe uko kwenye mvuke na mtoto mgongoni. Nisamehe. Na yule jirani wa kwenye kamba nimemwambia ukweli mwenyewe, asije akaupata kwa mwingine. Amesema pole. Tena aliisema vizuri, ikaniuma zaidi.

Meneja nimemwambia maneno yako. Akafikiri. Akauliza masufuria unayoosha ni makubwa kiasi gani, na kama mtu mfupi anaweza kuyafikia.

Mama yako

·

21 Aprili

Mama,

Nimechelewa tena, lakini safari hii sikuwa najificha.

Barua yenu niliisoma nimeketi kwenye ngazi za kantini. Nikarudi chumbani nikamsimulia Msusi yote, maana hata yeye nilikuwa nimemwambia nasubiri kuitwa. Alicheka! "Kama bango la bei!" Akacheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikajikuta nacheka. Kisha akavaa viatu, akanivuta mkono mpaka kwa mteja wake mmoja, mwenye duka la kutoa nakala na kuchapa barua. Akamwambia, "Huyu anajua hesabu ila anazificha, kompyuta isizione." Tangu hapo kila nikitoka kantini nakwenda pale. Mwenye duka hana maneno. Anakuonyesha kitu, anaondoka. Ukikosea anarudi, anakuonyesha tena, anapumua kwa nguvu puani.

Siku jumla iliposogea yenyewe nilishtuka, Mama, kama mtu amenigusa begani. Nikabadilisha namba nyingine. Ikasogea. Nikamwinua Kibonge aone, Kibonge akapiga herufi kwa kiganja, tukapoteza kazi yote ya jioni ile. Mwenye duka akapumua puani.

Wiki iliyopita nimefanya mtihani mwingine, kwenye ghala la dawa. Mkuu wao ni baba mmoja mnene, anaongea polepole. Akabadilisha idadi ya katoni, namba zote zikafuata mpaka chini. Akaibadilisha tena, nadhani alipenda kuziona. Kisha akauliza, "Nani amekufundisha?"

Nikasema, "Kompyuta nimefundishwa na mwenye duka la nakala. Hesabu nimefundishwa na Mwalimu mmoja wa nyumbani kwetu, kwa kikokotoo na kadibodi." Mmoja nyuma akacheka, nikamsikia. Yule baba akauliza, "Kadibodi vipi?" Nikamweleza yote, na mikono nikamwonyesha. Masikio yaliniwaka moto, lakini sikuacha kitu. Akaandika jambo kwenye karatasi yake, sikuliona.

Na wao wamesema wataniita. Ni ile ya mlangoni au ni ya kweli, sijui, na sitakaa kuipima. Kantini nimeacha. Mwenye duka la nakala amenipa meza ndogo, nachapa barua za watu, na Kibonge analala chini ya meza kwenye boksi la karatasi. Si kazi niliyomwahidi Meneja. Lakini ile ahadi ndiyo iliyokuwa mbovu. Mtoto hawekwi kwenye foleni kusubiri mama yake aitwe kazini. Msusi amehamisha nywele zote ukuta mmoja. Kitanda kinatutosha watatu tukilala ubavu, na shule iko nyuma ya duka, nimeshaongea na mwalimu mkuu.

Kwa hiyo, Mama, lori likija tarehe 27 ninahitaji nitumiwe hivi, na usiongeze kitu maana sina pa kuweka:

kadi ya chanjo ya Meneja, iliyo kwenye bahasha nyuma ya kioo;

viatu vyake vyeusi, hata kama vinambana, nitavipanua;

lile shuka la bluu lenye kiraka, Kibonge halali bila kushika kitu laini na nywele za Msusi zimetosha;

kadibodi ya Mwalimu, kama Chiriku ameshamaliza nayo, Meneja aibonyeze nikiwa nachapa;

kikokotoo changu. Chiriku asigome, nilimwazima tu. Kitakaa mezani, upande wa kushoto;

sabuni, kama bado ipo;

na Meneja mwenyewe, akae mbele kati ya Dereva na Chiriku atakayemsindikiza. Nyuma yakae magodoro.

Mwanao wa kwanza